Binti anataka kuwa Afisa Uhusiano: asome nini, asome wapi?

Ndugu msomaji, wiki hii sina budi kuanza na habari ya nyumbani kwangu, hapa Ilembo katika Manispaa ya Mpanda, kwa sababu jambo lililonifikia kibarazani naamini limekwisha kufika katika vibaraza vingi mwaka huu. Kama kwako halijafika, basi liko njiani. Wale walionisikia redioni katikati ya wiki watanisamehe kwa kurudia, lakini wengi wameniomba niyaweke maneno haya kwenye karatasi ili wayasome kwa utulivu, na wengine wakate kipande wakihifadhi.

Jumapili jioni aliingia jirani yangu, mkulima wa mahindi na tumbaku, akiwa na binti yake. Binti akainama kidogo, "Shikamoo baba mdogo." Nikaitikia marahaba, nikawapa viti. Baba yake si mtu wa kuzunguka.

"Mwandishi," alisema, maana ndivyo wanavyoniita mtaani, "huyu mwanao amemaliza kidato cha sita. Anataka kuwa Afisa Uhusiano. Kazi yenyewe mimi siijui. Sasa kuna bwana amenipigia simu, anasema nafasi ya digrii ipo, ila nitume fedha ya kuishikilia kabla ya Ijumaa. Mahindi nimekwisha kuuza. Nitume, nisitume?"

Nikaomba kuona matokeo. Kiswahili D, Historia E, Kiingereza S. Nikamrudishia karatasi, nikamwambia, "Kaka, usitume hata senti." Sababu yake nitaieleza huko mbele, kwa maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Watoto wetu wanachagua kazi kwa kuitazama nguo, na sisi wazazi tunachagua chuo kwa kusikiliza simu.

Kabla sijaendelea, nikiri kosa langu mwenyewe, maana asiyeumwa na nyoka hawezi kueleza sumu. Nilipomaliza kidato cha nne nilipanda treni hapa Mpanda, nikapita Kaliua na Tabora hadi Dar es Salaam, nikiwa na ada aliyoipata marehemu baba kwa kuuza ng'ombe wawili. Niliingia katika chuo kimoja ambacho jina lake nalihifadhi. Kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vipuri, na bango lake lilikuwa zuri kuliko vyumba vyenyewe. Baada ya miezi tisa mwenye chuo hakuonekana tena. Cheti nilichopewa nilikipeleka ofisi tatu, na katika ofisi zote tatu niliulizwa swali moja tu: chuo hiki kimesajiliwa na nani? Sikuwa na jibu. Ng'ombe wale hawakurudi, na baba hakunilaumu hata siku moja, jambo ambalo liliniuma zaidi. Diploma yangu ya uandishi wa habari niliipata miaka kadhaa baadaye, chuo kingine, kwa fedha yangu mwenyewe. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya kuchagua chuo, sizungumzi kwa kusoma vitabuni tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nilimuuliza binti, "Mwanangu, kwa nini unataka kuwa Afisa Uhusiano?" Akacheka kwa aibu. "Baba mdogo, nimewaona kwenye televisheni. Wanavaa vizuri, wanasimama nyuma ya Waziri."

Naam, kusimama nyuma ya Waziri kupo. Lakini kabla ya dakika tano za kusimama pale kuna wiki nzima ya kazi ambayo kamera haiionyeshi. Afisa Uhusiano huamka na kusoma magazeti na kusikiliza redio ili ajue ofisi yake inasemwaje. Huandika taarifa kwa vyombo vya habari, tena huiandika upya pale bosi anapoikataa. Humtayarishia bosi hotuba. Hupokea simu za waandishi kama mimi, wengine wenye adabu na wengine wasio nayo. Huandaa mikutano, hupiga picha, huandika habari za tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii, na siku hizi hujibu maswali ya wananchi humo hadi usiku. Na zaidi ya yote, husikiliza malalamiko ya watu na kuyapeleka kwa mkubwa wake, hata pale mkubwa asipopenda kuyasikia.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Bomba kubwa la maji limepasuka na mtaa hauna maji kwa siku nne. Afisa asiyejua kazi atakaa kimya mpaka kina mama waandamane na ndoo, kisha atatoa tangazo kwamba mamlaka inajali wateja wake. Anayejua kazi atatangaza siku ya kwanza: bomba limepasuka mahali fulani, mafundi wako kazini, maji yanatarajiwa siku fulani, na kwa sasa magari ya maji yatapita mitaa hii saa hizi. Kesho yake atapita mtaani aone kama magari yalipita kweli. Kama hayakupita, atarudi ofisini kumwambia meneja, "Mzee, tulichowaambia watu jana hakikutendeka." Kusema maneno hayo mbele ya meneja ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na haihitaji suti.

Nchi za nje kazi hii ina historia yake. Mmarekani Ivy Lee, anayetajwa na wengi miongoni mwa waanzilishi wake, hakuwa amesomea uhusiano wa umma, kwa sababu somo hilo lilikuwa halijakuwapo. Alikuwa mwandishi wa magazeti huko New York. Mwaka 1906, akiwa anaifanyia kazi kampuni ya reli ya Pennsylvania, treni ilianguka kutoka darajani katika mji wa Atlantic City na watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya makampuni ya wakati ule ilikuwa kuficha. Lee aliishauri kampuni ifanye kinyume chake: akawaandikia waandishi taarifa ya yaliyotokea, na wakapelekwa kwenye eneo la ajali wajionee. Taarifa ile hutajwa na wengi kuwa ndiyo ya kwanza ya aina yake kutolewa kwa vyombo vya habari. Miaka 17 baadaye, mwaka 1923, Edward Bernays alianza kulifundisha somo hili katika Chuo Kikuu cha New York, na mwaka 1947 Chuo Kikuu cha Boston kikafungua shule ya uhusiano wa umma. Ona basi, kazi ilitangulia na chuo kikafuata, na aliyeifungua njia alitoka kwenye kalamu.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi, vijitabu vikachapishwa, na vijijini watu wakakaa katika vikundi wakisikiliza, wakisoma na kujadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio peke yake isingeweza kuchimba choo hata kimoja. Kilichofanya kazi ni kwamba ujumbe ulipofika, kulikuwa na mahali pa kuuliza na kujibiwa. Huo ndio uhusiano wa umma, ingawa siku zile hakuna aliyeuita hivyo.

Tena tunao mfano hapa hapa Katavi. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo katika eneo letu, na Ulyankulu huko Tabora. Mwaka 2007 waliulizwa kama wanataka kurudi kwao au kuomba uraia wa Tanzania, na wengi wakachagua kubaki. Mwaka 2010 uraia ulikubaliwa kwa watu zaidi ya 162,000. Hata hivyo vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014, kwa sababu hapo kati kulikuwa na mpango wa kuwahamishia watu hao mikoa mingine, na mpango huo ukasimamishwa. Sasa jiweke katika nafasi ya mtu wa Katumba katika miaka ile minne. Nijenge nyumba ya tofali au nisijenge? Nipande miembe au nisipande? Watoto wangu ni wa wapi? Uvumi wa sokoni unajibu maswali hayo haraka kuliko ofisi yoyote. Katika hali kama hiyo, mtu wa mawasiliano anayejua kazi yake ana thamani kuliko magari kumi ya vipaza sauti, kwa sababu anakwenda kusikiliza kwanza, halafu analirudisha swali la mwananchi kwa anayefanya uamuzi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu, ndugu msomaji, kwa sababu usipoijua kazi huwezi kuchagua masomo yake. Ukidhani kazi ni kuvaa na kutabasamu, kila chuo kitakufaa. Ukijua kwamba kazi ni kuandika, kusikiliza, kuchunguza na kumwambia bosi ukweli, utaanza kuuliza maswali mengine.

Sasa asome nini? Hapa Tanzania njia kubwa za kuifikia kazi hii naziona kuwa tatu.

Njia ya kwanza ni uandishi wa habari. Anayeipita hujifunza kuandika kwa haraka na kwa usahihi, na huijua jikoni ya chumba cha habari. Akiwa Afisa Uhusiano baadaye, anajua mhariri anataka nini na saa ngapi gazeti linafungwa. Njia hii ina faida nyingine: chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake, mwandishi wa habari anatakiwa kuwa na ithibati, na kiwango cha elimu kilichowekwa ni diploma. Kwa hiyo mwenye diploma ya uandishi ana milango miwili mkononi, wa redio au gazeti na ule wa ofisi ya habari. Upungufu wa njia hii ni kwamba anaweza kufika ofisini akiwa hajui kupanga kampeni, kupima maoni ya watu wala kuandaa bajeti ya mwaka.

Njia ya pili ni mawasiliano ya umma. Hii ni pana zaidi. Mwanafunzi hugusa uandishi, utangazaji, nadharia za mawasiliano, utafiti na mara nyingi uhusiano wa umma kidogo. Inamfaa kijana ambaye bado hajajua atasimama wapi. Hatari yake ni kumaliza akiwa amegusa kila kitu na hajashika hata kimoja, kwa hiyo aulize mapema kama chuo kinaruhusu kuchagua eneo la kubobea mwaka wa mwisho.

Njia ya tatu ni programu yenye jina lenyewe la uhusiano wa umma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, kinatoa shahada ya Uhusiano wa Umma na Matangazo, pamoja na zile za uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Shule hiyo ndiyo ile iliyokuwa Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuingizwa chuo kikuu mwaka 2003. Huko Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho kilikua kutoka katika chuo cha Nyegezi cha mwaka 1960 na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, kinatoa shahada ya Uhusiano wa Umma na Masoko. Vipo na vingine, na vyote vimo katika mwongozo wa udahili.

Hapa naomba usome polepole. Katika majina hayo mawili, tazama neno linalofuata baada ya "na". Mmoja anasema Matangazo, mwingine anasema Masoko. Maneno hayo hayakuwekwa kwa mapambo. Matangazo yanakuvuta upande wa kubuni ujumbe: maneno, picha, sauti, na kununua nafasi katika vyombo vya habari. Masoko yanakuvuta upande wa biashara: mteja ni nani, anataka nini, bei iwe ipi, bidhaa imfikieje. Kijana anayetaka kufanya kazi benki, kampuni ya simu au kiwanda anaweza kufaidika zaidi na Masoko. Anayependa kubuni kampeni na kutengeneza vipindi anaweza kufaidika na Matangazo. Anayeota kuwa Afisa Habari wa halmashauri, tuseme Nsimbo, Mlele, Mpimbwe, Tanganyika au hapa Manispaa, atafika kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, kwani matangazo ya kazi za serikali mara nyingi hutaja shahada ya uandishi wa habari, mawasiliano ya umma au uhusiano wa umma kwa pamoja.

Na huo ndio ushauri wangu wa kwanza wa vitendo: kabla ya kuchagua chuo, soma matangazo ya kazi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutoa matangazo yake wazi. Tafuta matano ya Afisa Habari au Afisa Uhusiano, andika kwenye daftari sifa zinazotakiwa, kisha ndipo uchukue mwongozo wa vyuo uone ni programu gani inakupa sifa hizo. Wengi wetu huanza na chuo, na sifa za kazi tunakuja kuzisoma siku ya kuomba kazi, tukiwa tumekwisha chelewa.

Sasa turudi kwa yule bwana wa simu, na sababu ya kumwambia jirani yangu asitume fedha.

Kuingia shahada moja kwa moja kutoka kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, imeweka kiwango cha chini: ufaulu wa kiwango cha prinsipo katika masomo mawili, na jumla ya pointi zake isipungue 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Binti yetu ana D na E. Mbili na moja ni tatu. Hiyo S ya Kiingereza si prinsipo, haiingii katika hesabu hii. Kwa hiyo hakuna chuo kikuu kinachofuata sheria kinachoweza kumpa nafasi ya shahada mwaka huu kwa njia hiyo, na mtu anayesema ameishikilia nafasi hiyo ama hajui hesabu au anajua sana kuhesabu fedha za wenzake.

Nilipomaliza kusema hivyo, binti aliinamisha kichwa. Baba yake akatazama mbali, barabarani. Nikaona wamedhani safari imekwisha. La hasha, kuna ngazi.

Ngazi ya chini ni ya aliyemaliza kidato cha nne. Kwa kawaida akiwa na ufaulu wa masomo manne, yasiyo ya dini, anaweza kuanza cheti cha awali cha mwaka mmoja, ambacho katika mfumo wa taifa huitwa ngazi ya 4. Akifaulu anaendelea ngazi ya 5 na ya 6, na ya 6 ndiyo stashahada, yaani diploma. Aliyemaliza kidato cha sita na kupata angalau prinsipo moja na S moja, kama huyu binti, kwa kawaida huanza diploma moja kwa moja na kuimaliza kwa miaka miwili. Na mwenye diploma anaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi, iwapo wastani wake, ule unaoitwa GPA, haupungui 3.0. Vyuo vingine huweka kiwango cha juu zaidi ya hicho, kwa hiyo asilenge 3.0, alenge juu yake.

Ukijumlisha, miaka miwili ya diploma na mitatu ya shahada ni mitano. Aliyeingia moja kwa moja anatumia mitatu. Ni kweli, binti yetu atachelewa miaka miwili. Lakini yeye, akiimaliza diploma, ana kitu cha kushika mkononi hata kama fedha zitakwisha njiani. Anaweza kufanya kazi redioni au gazetini, akajilipia mwenyewe. Mimi nimewaona wenye diploma wanaoandika vizuri wakiwafundisha kazi wenye shahada wasioandika, ingawa mshahara haukufuata utaratibu huo.

Juu ya fedha, tuseme ukweli. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha wanafunzi wa shahada wenye sifa na uhitaji. Mikopo ya diploma ilianza mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa fani za kipaumbele kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Mzazi wa mwanafunzi wa uandishi au uhusiano wa umma asijenge bajeti yake juu ya mkopo wa diploma kabla hajausoma mwongozo wa Bodi wa mwaka huo. Na asihesabu ada peke yake. Ahesabu chumba, chakula, nauli ya kutoka Mpanda mara mbili kwa mwaka, na fedha ya mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa fani hii anahitaji pia simu nzuri au kompyuta, kwa sababu siku hizi ndiyo jembe lake.

Ili msirudie kosa langu la vyumba viwili juu ya duka la vipuri, haya ndiyo maswali ambayo ningependa mzazi aende nayo chuoni, au ampigie msajili wa chuo kwa namba iliyo katika mwongozo rasmi, si namba iliyompigia yeye.

Swali la kwanza: chuo kimesajiliwa na nani, na je, programu yenyewe ina ithibati? Vyuo vya diploma viko chini ya NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Vyuo vikuu viko chini ya TCU. Chuo chaweza kuwa kimesajiliwa, na bado programu fulani ikawa haimo. Tafuta jina la chuo na jina la programu, yote mawili.

La pili: mwanafunzi anaandika mara ngapi? Chuo cha uhusiano wa umma ambacho mwanafunzi wake haandiki kila wiki na kurudishiwa kazi yenye wino mwekundu ni mahali pa kupangia chumba tu.

La tatu: mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi, kwa wiki ngapi, na nani anakwenda kumkagua mwanafunzi huko? Muulize mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana, usimuulize mwalimu peke yake.

La nne: je, kuna studio, kamera na gazeti la wanafunzi vinavyofanya kazi, au vipo kwenye picha ya kipeperushi tu?

La tano: waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Chuo kizuri kitakutajia ofisi walizoajiriwa.

La sita: fedha inalipwa vipi? Vyuo vya umma hutoa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, na chuo binafsi chenye heshima kina akaunti ya benki yenye jina la chuo. Fedha ya masomo haitumwi kwenye simu ya mtu binafsi, hata akijiita profesa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna chuo kinachoweza kumpa mtoto kama hakuja nalo, nalo ni mazoea ya kusoma na kuandika. Hapa nawageukia vijana wenyewe. Dirisha la udahili likiwa bado halijafunguliwa, msikae mkisubiri. Hudhuria mkutano wa hadhara wa mtaa wako, andika ukurasa mmoja: nini kimesemwa, nani ameuliza nini, na swali gani halikujibiwa. Mpe mtu aliyekuwapo asome, aseme kama umesema kweli. Fanya hivyo mara kumi. Kama mara ya kumi bado unapenda, fani hii ni yako. Kama mara ya tatu umechoka, shukuru Mungu umejua mapema, kabla ng'ombe hawajauzwa.

Na Kiingereza nacho kisidharauliwe. Kiswahili ndicho kitakachokufikisha kwa wananchi wa Ilembo na Kakese, lakini masomo ya chuo kikuu na barua nyingi za mashirika viko kwa Kiingereza. Mwenye S kama binti yetu aifanye kazi hiyo katika miaka miwili ya diploma, asiiache mpaka mlangoni pa shahada.

Jirani yangu alinisikiliza mpaka giza likaingia. Mwisho akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Sasa Mwandishi, hiyo kazi ya kumwambia bosi ukweli, hawamfukuzi?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia wengine hufukuzwa. Nilimwambia pia kwamba wengine hawasikilizwi, na siku bomba linapopasuka huitwa haraka kusema maneno waliyokatazwa kuyasema mwezi uliopita. Mtoto anayekwenda kusomea kazi hii ajue hivyo tangu nyumbani, na mzazi ajue, ili siku akirudi amekosa kazi kwa sababu hiyo asimwone kuwa mjinga.

Binti akasema, "Baba mdogo, mimi nitaanza na huo mkutano wa mtaa. Upo lini?"

Nikamwambia ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Baba yake akaitoa simu mfukoni, akaizima kabisa, kisha akaniomba kalamu ili ayaandike yale maswali sita nyuma ya risiti ya mahindi.

Alhamisi nilipopita pale mkutanoni kwa kazi zangu nilimkuta ameketi mstari wa pili, daftari likiwa magotini. Ukurasa wake ameniletea jana. Una makosa manane ya tahajia, na jina la mjumbe mmoja amelikosea. Lakini lipo swali moja la mama mmoja kuhusu mtaro ambalo mwenyekiti hakulijibu. Mimi mwenyewe, kwa miaka yangu yote ya redio, sikuliandika siku ile. Yeye ameliandika.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.